Baridi ya Julai inavyomdanganya mkimbiaji

Tangu Alphonce Simbu, kijana wa Singida, alipoipa Tanzania dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo Septemba 15, 2025, naona raba nyingi zaidi barabarani alfajiri. Alishinda kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani aliyemfuata, ikabidi picha ya utepe iamue. Hapa Bariadi watu hawahesabu sekunde. Wanatoka Somanda au Malambo saa kumi na moja na nusu, wengine wamejitanda kitenge hadi masikioni, wanakimbia upande wa barabara ya Nyakabindi kisha wanageuza kuwahi kazini. Nafurahi kuwaona. Lakini kati ya Juni na Agosti ndipo pia napokea watu walioumizwa na mazoezi hayohayo, na wengi wao waliondoka nyumbani wazima kabisa.

Msomaji wangu, huku kwetu hakuna theluji. Ziwa Victoria lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, nasi tuko juu ya ziwa, hivyo alfajiri za kipupwe joto hushuka hadi kukaribia nyuzi 15 huku upepo mkavu ukipita kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa pamba. Ifikapo saa tano jua linachoma kama kawaida. Hatari ya baridi ya namna hii ni kwamba inadanganya. Jasho linakauka kabla hujaliona. Kiu haiji. Mishipa ya ngozi inasinyaa, damu inarudi ndani, figo zinaona maji yamezidi na kuyatoa kwa mkojo. Mtu anakimbia kilomita nane, hajasikia kiu hata mara moja, anarudi na kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha mchana anashangaa kichwa kinamgonga.

Tuchukue wiki moja ya mtu wa kawaida. Ana miaka 40 na kitu, ni mwalimu au ana duka la pembejeo, na Jumapili anataka kukimbia kilomita 10 na wenzake wa klabu ya jogingi, zile mbio zinazoacha lami na kufuata njia za ng'ombe hadi kwenye vilima vya mawe.

Jumatatu yake ningependa ianzie kwenye mashine ya presha. Baridi hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu, na mshtuko wa moyo na kiharusi hutokea zaidi saa za asubuhi. Ukiwa umevuka miaka 40, au una kisukari, unavuta sigara, au nyumbani kwenu kuna aliyeanguka ghafla akiwa bado kijana, pima kabla hujaanza programu yoyote ya kukimbia. Vipimo vinavyojirudia vya 140/90 na kuendelea vinataka daktari. Ukikuta 180/110 au zaidi, siku hiyo usikimbie kabisa, nenda hospitali. Na ukiwa njiani kifua kikabana kama kimefungwa kamba, maumivu yakapanda kwenye taya au mkono, au ukaona giza, simama hapohapo na uombe msaada. Usijaribu kumalizia kipande kilichobaki.

Jumanne ni mbio nyepesi. Anza kwa kutembea haraka dakika tano, ongeza mwendo polepole kwa dakika nyingine tano hadi kumi, ndipo ukimbie. Kasi sahihi ni rahisi kuijua kwa Wasukuma. Mtu akikuambia “mwangaluka”, uweze kumjibu, kumuuliza habari za nyumbani, za watoto na za ng'ombe bila kukata pumzi katikati. Salamu ikikushinda, umekwenda mbio kupita kiasi. Nawaona vijana wanaotoka mlangoni kama risasi kwa sababu wanataka kupata joto haraka. Misuli ya nyuma ya paja haipendi hivyo, na kifua hakipendi zaidi.

Valia nguo mbili nyepesi badala ya koti moja zito, uvue moja mwili ukishapata joto. Ya juu iwe nyeupe au yenye kung'aa. Saa hizo ni giza, na msimu huu malori ya pamba yanatembea.

Mchakamchaka na watoto wetu

Hapa naomba wiki ya mkimbiaji isubiri kidogo, maana wakimbiaji wengi zaidi wa asubuhi mkoani Simiyu si watu wa klabu. Ni watoto wa shule.

Julai moja nililetewa binti wa miaka 11. Alikimbia mchakamchaka saa kumi na mbili na nusu, akajimwagia maji ya baridi bombani kama wenzake, akaingia darasani na sweta iliyolowa. Saa nne alikuwa analia kwa maumivu ya mapaja na mgongo. Ana selimundu, wengi tunaiita sikoseli. Mama yake alijua tangu mtoto ana mwaka mmoja. Mwalimu wa zamu hakujua, na alikuwa amemwongezea mizunguko miwili kwa kuwa alibaki nyuma. Tulimlaza siku nne kwa dripu na dawa kali za maumivu. Alipona. Wapo ambao hawaponi.

Inakadiriwa kwamba watoto takribani 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka, na Kanda ya Ziwa, nasi tukiwamo, inabeba mzigo mkubwa. Chembe nyekundu za damu za mtoto huyu hujikunja kama mundu zinapokosa hewa ya kutosha, mwili unapokauka maji au kupata baridi ghafla, kisha zinaziba mishipa midogo. Ndiyo maana asubuhi ya Julai, mbio za kulazimishwa na maji ya baridi vikikutana ni balaa.

Mzazi, usimfungie mtoto ndani. Anahitaji kucheza, na mazoezi mepesi yanamfaa. Kinachotakiwa ni mwalimu wake ajue. Mpelekee maelezo ya maandishi kutoka kliniki, na umweleze kwa mdomo pia: mtoto asikimbizwe kwenye baridi wala kwa kushindana, apumzike pale anaposema amechoka bila kuitwa mvivu, awe na chupa yake ya maji, aruhusiwe kwenda chooni kila anapoomba kwa sababu anakunywa sana, na asikae na nguo mbichi. Hayo hayahitaji fedha. Yakitokea homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla wa viganja, tumbo kuvimba upande wa kushoto, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au kwa mvulana uume kusimama kwa muda mrefu na kuuma, msisubiri kesho. Na kama hujawahi kumpima mwanao, na kila baridi inapoingia analalamika mifupa, omba kipimo. Ni damu kidogo tu.

Mtoto mwenye pumu ana shida nyingine. Hewa baridi na kavu, pamoja na vumbi letu, hukausha njia zake za hewa. Mara nyingi kifua kinabana dakika tano hadi kumi baada ya kusimama, mwalimu ameshaingia darasani. Kikohozi cha usiku ule mtoto alipocheza mpira ni dalili ambayo wazazi wengi huipa jina la mafua. Kama daktari amempa dawa ya kuvuta ya kufungua kifua, avute dakika 10 hadi 15 kabla ya mazoezi, apashe mwili joto taratibu, na afunike pua na mdomo kwa skafu. Mtoto mdogo avutie kupitia kifaa cha kati. Kikikosekana, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa pampu inafanya kazi vizuri. Akiihitaji dawa hiyo zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa na anatakiwa dawa ya kuvuta ya kila siku. Watu wazima, hili linawahusu pia.

Kurudi kwa mkimbiaji wetu. Jumatano anapumzika, Alhamisi anapanda kilima kifupi mara nne au tano, na Ijumaa anatembea tu. Kosa ninaloliona ni la mtu ambaye mwezi mzima hajavuka kilomita tano, kisha siku tatu kabla ya mbio anakimbia kumi na mbili “kujipima”. Mwili haujengwi kwa siku tatu. Kuhusu chakula sina mengi: ugali, viazi, maharage, maziwa mgando, vile vya kila siku vinatosha. Matobolwa mfukoni ni bora kuliko vinywaji vingi vya rangi vinavyouzwa kwa wanamichezo, na bei yake unaijua.

Jumamosi kata kucha, kagua raba, na ujiulize lini ulichanjwa pepopunda. Mama zetu huchanjwa wakiwa wajawazito. Wanaume wengi walichomwa mara ya mwisho wakiwa wachanga. Njia ya ng'ombe ni udongo uliochanganyika na samadi, makao yanayopendwa na vijidudu vya pepopunda, na jeraha la mwiba linatosha kuvipa mlango. Dalili huchukua siku tatu hadi wiki tatu kujitokeza, taya zikaanza kukaza. Ulizia chanjo kwenye kituo cha afya kabla hujaanguka.

Siku ya mbio

Kunywa maji tangu usiku, na asubuhi glasi moja au mbili saa moja kabla ya kuanza. Mkojo uwe wa njano hafifu. Ukiwa njiani kunywa kidogokidogo. Usijaze tumbo maji kwa woga, kwani kuzidisha nako hupunguza chumvi ya damu na kumlevya mtu. Panga kumaliza kabla jua halijakomaa.

Sipendi hata kidogo tabia ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio ili “goti lisisumbue”. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo. Figo ambazo tayari zimekaushwa maji na mwendo wa saa moja zinapigwa mara mbili, na maumivu yaliyokuwa yanakuonya yamenyamazishwa.

Kwenye njia za mawe fupisha hatua, tazama mita tatu mbele yako, na kwenye mteremko usikubali kubururwa. Kifundo kikiteguka, keti. Kipoze kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa au kitambaa kilicholowa maji ya mtungi, dakika 15 hadi 20, kifunge bandeji isiyobana sana, ukiinue mguu. Usimruhusu mtu akuchue kwa nguvu siku hiyo, hata kama ni fundi anayesifika hadi Maswa. Ukishindwa kutembea hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo ukasikia maumivu makali, unahitaji picha ya eksirei. Najua tumelelewa na simulizi ya mzee wetu John Stephen Akhwari, aliyeumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akamaliza akichechemea na bandeji mguuni. Namheshimu mno. Yeye alikuwa amebeba bendera ya nchi. Wewe Jumatatu una vipindi sita vya kufundisha umesimama.

Jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, si kwa vumbi wala majani. Na mbwa wa maboma wasiopenda wakimbiaji tunawajua. Akikuuma, hata mkwaruzo tu uliotoa damu, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu hatuna tiba.

Baada ya mstari wa mwisho endelea kutembea dakika kumi na ubadilishe fulana iliyolowa mara moja. Kunywa, kula, pumzika. Misuli kuuma Jumatatu na Jumanne ni kawaida, na huisha yenyewe.

Kisicho kawaida ni misuli iliyovimba na kukakamaa pamoja na mkojo wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Hiyo ina maana misuli imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Hutokea kwa mtu aliyejisukuma kupita uwezo akiwa amekauka maji. Hutokea pia kwa wale waliorithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambao kwa kawaida ni wazima, wanaruhusiwa kukimbia, na mara nyingi hawajui kuwa wamerithi. Ukiuona mkojo huo, usimeze dawa yoyote ya maumivu, kunywa maji na ufike hospitali siku hiyohiyo. Mweleze daktari ulikimbia kilomita ngapi, ulikunywa nini, na kama kwenu kuna mgonjwa wa sikoseli.