Rangi ya Kifaranga Haisomeki Bila Wazazi

Wafugaji wengi hudai kwamba wakitazama rangi ya kifaranga wanajua kama ni jogoo au tetea. Dai hilo lina ukweli, ila kwa sharti moja: wazazi wawe wanajulikana. Chukua jogoo wa Rhode Island Red, umpandishe kwa tetea wa Plymouth Rock mwenye manyoya ya mistari. Vifaranga wote hutotolewa weusi, lakini wa kiume huwa na doa jeupe utosini. Wa kike kichwa ni cheusi tupu. Kwa ndege, tetea ana kromosomu Z moja tu, na hiyo huwapa wanawe wa kiume peke yao. Jeni ya mistari imo humo, kwa hiyo mabinti hawaipati. Geuza wazazi, jogoo awe ndiye mwenye mistari, na vifaranga wote watakuwa na doa. Hapo mbinu imekufa.

Utaambiwa kwamba zipo aina ambazo vifaranga wake hujitambulisha jinsia kwa rangi kizazi baada ya kizazi. Ni kweli: wataalamu wa jenetiki Punnett na Pease walizalisha moja huko Cambridge, Uingereza, miaka ya 1920. Dume wake ana dozi mbili za jeni ya mistari, hivyo hupauka kuliko jike. Lakini hata hapo ukoo umelindwa. Kuku wa kienyeji waliochanganyika uani hawana ulinzi huo. Anayewauza kwa kutazama rangi anabahatisha, na mnunuzi wa mitetea ana haki ya kuuliza wazazi walikuwa akina nani.