Kamba ya Shangazi Iyangura

Watoto wa Goma, sogeeni karibu. Hadithi ya leo ina mashujaa wawili na adui mmoja wa kutisha. Nitaanzia mbali, ng'ambo ya bahari, kisha tutarudi hapa hapa chini ya Nyiragongo.

Superman mnamjua, na Batman pia. Nimewaona kwenye mikoba yenu ya shule. Superman alizaliwa kwenye karatasi huko Marekani mwaka 1938, Batman akamfuata 1939. Kwa miaka mingi kila mmoja alipigana vita vyake. Jarida moja liliwachora pamoja kwenye jalada, wakitabasamu kama marafiki, lakini ukilifungua ndani unakuta kila mmoja ana kisa chake. Mwaka 1952 ndipo walipokutanishwa sawasawa: walipangiwa chumba kimoja katika meli ya abiria, na humo kila mmoja akagundua siri ya mwenzake. Mwaka 1954 lile jarida likapunguzwa kurasa. Nafasi ya visa viwili ikakosekana, basi wote wawili wakaingizwa katika kisa kimoja, wakawa wenzi. Upungufu wa karatasi ndio uliowafunga pamoja.

Nao ulileta heri. Shujaa wa peke yake hana wa kusema naye. Anaruka, anapiga, anashinda, na sisi tunageuza ukurasa. Mpe mwenzake, hapo anaweza kuomba msaada, kubishana, kukosolewa, hata kuogopa mbele ya mtu. Na adui naye hana budi kukua, maana akiwa wa kushindwa na mmoja, wa pili amekuja kufanya nini? Kwa hiyo mkiona mashujaa wawili kwenye jalada moja, jueni kuna dude kubwa linakuja.

Mwaka 2011 kampuni ya DC, inayomchapisha Batman, ilileta shujaa kutoka Kongo yetu. Jina lake David Zavimbe, na akivaa mavazi ya vita anaitwa Batwing. Utotoni alikuwa kadogo, yaani askari mtoto. Neno hilo hapa kwetu linajulikana. Baadaye akalelewa katika nyumba ya mayatima, akawa polisi wa mji uitwao Tinasha. Msiutafute mji huo kwenye ramani, umebuniwa tu. Humo Batwing na Batman wanasimama bega kwa bega dhidi ya Massacre, jitu lenye kofia ya chuma na mapanga. Baadaye kisa kinafunua kwamba chini ya kofia hiyo yumo Isaac, ndugu yake David.

Picha zake, kazi ya mchoraji Ben Oliver, ni nzuri mno. Hata hivyo nilipofunga kitabu nilibaki na njaa. Waliokitunga waliitazama Kongo kutoka mbali, wakaona bunduki na damu. Hawakuona kijana anayesukuma chukudu lililojaa makaa, wala mama anayeanika sambaza kando ya ziwa. Hawakuona shangazi. Na mimi nawaambia, hadithi ya mashujaa wawili iliyo nzuri kuliko zote ninazozijua ina shangazi ndani yake.

Hadithi hiyo haiko mbali. Shika barabara ya Sake, panda Masisi, endelea magharibi mpaka milima ishuke kwenye msitu mkubwa wa Walikale. Huko wanakaa Wanyanga. Mwaka 1956, msimulizi wao mmoja aitwaye Candi Rureke aliimba, akacheza na kusimulia kwa siku kumi na mbili, na Mbelgiji Daniel Biebuyck akiandika pamoja na wasaidizi wake. Siku kumi na mbili, watoto! Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na mwana wa Wanyanga mwenyewe, wakaitoa kama kitabu. Shujaa wake anaitwa Mwindo.

Baba yake, chifu Shemwindo wa kijiji cha Tubondo, alikuwa na wake saba. Akatoa amri: wote wazae wasichana tu, na mvulana akizaliwa atauawa. Mwindo akazaliwa kwa kupitia kidole cha mama yake. Siku hiyo hiyo alitembea, alisema, alicheka. Mkononi alishika konga, usinga wenye nguvu za ajabu, na ubavuni alining'iniza mkoba mdogo wenye kamba ndefu ndani. Baba akamrushia mikuki, ikamkosa. Akamzika, akafufuka. Akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ikapanda mto, ikaelekea kwa Iyangura, dada ya Shemwindo.

Iyangura alikuwa ameolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa maji, aliyemwekea mlinzi na mitego ya nyembe ili mtu asimfikie. Buibui akamsaidia Mwindo kuvuka mashimo ya mitego, na mwisho shangazi na mtoto wakaonana. Mwindo akasema anakwenda kupigana na baba yake. Iyangura hakumzuia, wala hakumwacha aende peke yake. Alifunga safari pamoja naye. Njiani wakapita kwa wajomba, popo wanaofua chuma, nao wakamvika Mwindo nguo za chuma. Kisha Nkuba, radi yenyewe, akaitwa kutoka mbinguni, na Tubondo ikateketea.

Shemwindo akakimbia. Akang'oa mmea uitwao kikoka, akaingia chini ya ardhi kwenye nchi ya Muisa.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wanyanga wa kale waliamini kwamba miungu yao inakaa kwenye milima ya moto, hii hii ya Virunga. Usiku mwingine mnapoona wingu jekundu juu ya Nyiragongo, hapo ndipo macho yao yalipotazama. Muisa ni bwana wa nchi ya chini. Haji na mapanga, anakukaribisha. Anakupa kiti, anakupa pombe ya ndizi, anakupa bugali, na ukipokea kimoja tu umekwisha.

Kabla ya kushuka, Mwindo akatoa ile kamba mkobani. Ncha moja akampa Iyangura, ashike pale kwenye mdomo wa shimo. Nyingine akashuka nayo. Akamwambia kwamba kamba ikitulia, isitikisike tena, ajue amekufa.

Chini akamkuta Kahindo, binti wa Muisa, amejaa vidonda. Mwindo akamwosha, na Kahindo akamfichulia siri za kiti, pombe na bugali. Muisa alipoona mtego umeshindwa, akampa kazi: panda migomba leo, uvune leo. Ikafanyika. Muisa akautuma mkanda wake wa kauri, ukamwangusha Mwindo kifudifudi, pumzi ikakata.

Na juu, kamba ikatulia.

Hebu mwone shangazi hapo. Hana konga, hana nguo za chuma. Ameshika kamba isiyotikisika, na shimo liko kimya. Hajui yanayotokea, anajua tu yale ambayo vidole vyake vinamwambia. Hakuiachilia. Ndipo konga ikajisogeza yenyewe kwa Mwindo, akapiga chafya, akafumbua macho, na kamba ikaanza kucheza tena mikononi mwa Iyangura.

Msichana mmoja kati yenu aliniuliza kwa nini shangazi hakushuka naye, wapigane wawili. Nililipenda swali lake. Wangeshuka wote, nani angejua kwamba wamepatwa? Wakubwa wenu wanakumbuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, mlima ulipopasuka. Mji ulimiminika kwenye barabara ya Sake na kwenye mpaka wa Gisenyi, gizani, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Kuna kaka na dada waliotembea usiku kucha wakiwa wameshika pindo la kitenge cha mama, hawakuliachia hata walipotaka kujikuna. Hao wanaijua kamba ya Iyangura bila mimi kuwaeleza.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Mwindo alimshinda Muisa, akamfuatia baba yake hadi akampata, akamrudisha juu pale shangazi alipokuwa akingoja. Hakumuua. Watu wa Tubondo wakafufuliwa kwa konga, na Shemwindo akakiri makosa yake mbele ya wote, wakagawana utawala. Baadaye likaja dude jingine, Kirimu, lenye vichwa saba, pembe saba, macho saba, meno ya mbwa na tumbo kubwa mno. Ni ndugu wa zimwi mnaloliogopa. Wakikuyu wa Kenya wanaliita irimu. Mwindo alilipiga likafa, na kutoka kwake wakatoka watu wengi wakiwa hai. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba. Radi akashuka, akamchukua Mwindo, akamweka mbinguni mwaka mzima kwenye jua kali na mvua, mpaka majivuno yakamtoka. Mara hiyo alikwenda bila mtu wa kumshikia kamba.

Sasa nawaomba jambo. Mna mawe meusi mlangoni, na chaki hazikosekani. Chora visanduku viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu kipake chaki hafifu kiwe na mwanga, umweke mwanamke aliyekaa kwenye mdomo wa shimo. Cha chini kiache na giza la jiwe, umweke mtoto aliyeanguka na mtu mkubwa amesimama juu yake. Kisha vuta mstari mmoja kutoka mikononi mwa yule mwanamke, uvuke mpaka wa visanduku, ushuke hadi kwa mtoto. Usiukate katikati. Mwenye bibi au babu wa Walikale amwulize anavyoijua hadithi hii, maana kila msimulizi ana njia yake. Halafu mje mnionyeshe.