Bia Nyeusi Isiyolevya: Mwigizaji Anywe Nini Mbele ya Kamera?



Vikundi vya uigizaji vya sharika zetu vinapoandaa filamu fupi juu ya pombe na ukatili wa nyumbani, huwa kuna onyesho la kilabuni. Baba ameketi na bia nyeusi, huku nyumbani watoto hawajala. Je, ndani ya glasi ile tuweke nini?

Bia halisi haifai. Onyesho moja hurudiwa mara nyingi mpaka lipatikane vizuri, na anayekunywa kila mara atalewa kabla kazi haijaisha. Zaidi ya hapo, miongoni mwa waigizaji wetu wamo walioacha pombe. Hao ndio huigiza vizuri nafasi ya mlevi, kwani wanaijua. Funda moja laweza kuwarudisha walikotoka.

Mwanzoni tulitumia soda ya kola. Tulipoonyesha kijijini, watu waliangua kicheko: "Mzee kalewa soda!" Ujumbe ukapotea. Watazamaji wa Tarime na Serengeti wanaijua pombe, hawadanganyiki.

Kilichotuumbua ni povu. Bia nyeusi hupata rangi yake kutokana na shayiri iliyokaangwa sana, na povu lake hushikiliwa na protini za nafaka. Kola haina protini hizo, hivyo povu lake huisha kwa sekunde chache. Baada ya hapo tumejifunza njia tatu:

1. Kinywaji cha kimea kisicho na kilevi. Ni cheusi na povu lake hudumu. Kipozwe, kisha kimiminwe kwa nguvu katikati ya glasi. Someni lebo: iandikwe 0.0%. Katika nchi nyingi bia inayoitwa "isiyo na kilevi" huruhusiwa kuwa na hadi 0.5%.

2. Kahawa nyeusi. Tarime tunailima wenyewe. Ichemsheni iwe nzito, ichujeni, ipozeni, kisha ongezeni maji ya soda. Povu la hudhurungi litapanda, ila halidumu sana. Mimineni kamera ikiwa tayari.

3. Togwa ya ulezi, kwa onyesho la pombe ya kienyeji. Kimea hugeuza wanga wa uji kuwa sukari, ndiyo maana togwa ni tamu. Ikilala huchachuka na kuanza kuwa na kilevi, kwa hiyo itengenezwe na kutumika siku hiyo hiyo.

Jambo moja lisisahauliwe. Kwa aliyeacha pombe, hata harufu ya kimea yaweza kuamsha kiu. Muulizeni faraghani kabla ya mazoezi. Akisita, mpeni kahawa, au kikombe cha bati chenye maji, maana kamera haioni ndani. Akikataa nafasi hiyo kabisa, asilazimishwe.

Chupa zitolewe lebo, ili tusigeuke watangazaji wa pombe tunayoipinga.

Tunaziomba kamati za sharika, na wafadhili wanaotusaidia, kutenga fungu dogo la vinywaji vya kuigizia katika kila bajeti ya filamu. Ni fedha kidogo. Lakini ndugu mmoja akirudia ulevi kwa sababu ya filamu yetu ya kupinga ulevi, tutamweleza nini mke wake?