Tezi Nzima, Majibu Yenye Kasoro: Thairoidi kwa Mgonjwa wa Kifua

Tuchukue mfano wa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, mkoani Geita. Amekohoa miezi miwili, amekonda, hutokwa jasho usiku na moyo humwenda mbio. Kikohozi kikiwekwa kando, dalili hizi hufanana na za tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Hivyo tabibu anaagiza kipimo cha damu. Majibu yanaonyesha T3 iko chini, T4 ni ya kawaida na TSH imeshuka kidogo. Je, tezi yake ni mbovu?

Mara nyingi sivyo. Vumbi la mawe ya dhahabu huwa na silika, ambayo hudhuru mapafu na kurahisisha njia ya kifua kikuu. Maambukizi hayo huamsha mchochota, yaani mwitikio wa kinga ya mwili. Seli za kinga humwaga saitokini, kemikali zinazopunguza amri itokayo ubongoni kwenda kwenye tezi na kuzuia T4 isigeuzwe kuwa T3, homoni yenye nguvu zaidi. Mgonjwa anapopata nafuu, TSH huweza kupanda kupita kawaida kwa muda, nako kukadhaniwa kuwa tezi imedhoofika.

Kosa la tafsiri lina gharama. Akipewa dawa ya kutuliza tezi, atatibiwa ugonjwa asiokuwa nao huku mapafu yakiendelea kuharibika. Akipewa homoni ya thairoidi, moyo huweza kuelemewa. Isitoshe, kifua kikuu huweza kuharibu tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Homoni hiyo ikianzishwa kabla ya kutibu upungufu huo, mgonjwa huweza kuzidiwa ghafla.

Basi, makohozi yapimwe kwanza. Kipimo cha thairoidi kiagizwe wakati wa ugonjwa mkali pale tu penye ishara mahususi, kama rovu au macho yaliyotokeza; vinginevyo kingoje angalau wiki 6 baada ya kupona. Anayetumia homoni ya thairoidi tangu zamani apimwe TSH anapoanza rifampisini, kwani dawa hiyo huharakisha kuondolewa kwa T4 mwilini, na dozi huenda ikahitaji kuongezwa.

Nawe msomaji wa Kahama, Mwakitolyo au Geita, ufikapo kituoni taja kazi yako na muda uliokohoa. Maelezo hayo mafupi huweza kumwongoza tabibu kuliko karatasi ya maabara. Upimaji na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma hutolewa bila malipo.