Kasia na Msitu kwa Siku Moja Kutoka Ifo: Kweli au Si Kweli?

Ukiwa Ifo, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, na ramani mkononi, matembezi haya yanaonekana mepesi. Kaskazini-magharibi kuna alama ya maji ya Lorian, kusini-mashariki kuna kijani cha Boni, na magharibi Mto Tana unateremka kando ya mji wa Garissa. Asubuhi mtumbwi, alasiri msitu, jioni nyumbani. Lakini ramani haioneshi kiboko, haioneshi bwawa lililofunguliwa huko juu, wala haioneshi kizuizi cha barabarani. Yafuatayo ni madai tisa ya wapangaji wa safari kama hii, kila moja na hukumu yake.

1. Karibu na Ifo kuna ziwa la kupigia kasia.

SI KWELI. Lorian ni kinamasi. Mto Ewaso Ng'iro unafika pale umechoka, unatawanyika, na maji yake yananywewa na ardhi na jua. Mwaka wa mvua nyingi hujaa. Mwaka wa ukame mifugo hupita pakavu. Ifo yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1991, hunywa maji ya visima virefu vilivyochimbwa hadi kwenye akiba ya chini ya ardhi iitwayo Merti.

Na lagha, yaani mikondo ya maji ya msimu, je? Lagha hujaa kwa kishindo baada ya mvua, ikibeba matope, magogo na miiba, kisha hukauka. Hapo ni pa kukimbia, si pa kushusha chombo. Maji ya karibu yasiyokauka ni ya Tana pale Garissa, takriban kilomita 100 kutoka Ifo.

2. Mtu wa Ifo akiamka mapema, anaondoka tu.

INATEGEMEA NI NANI. Mwenyeji wa Dadaab mwenye kitambulisho cha Kenya hukaguliwa njiani na kuendelea. Mkimbizi anahitaji kibali cha kusafiri kinachotolewa na Idara ya Huduma za Wakimbizi, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 haikuliondoa hitaji hilo. Kibali huombwa kwa sababu inayoelezeka, na matembezi ya kujifurahisha hayana uzito wa rufaa ya hospitali au mtihani. Kikundi chenye watu wa aina zote mbili kiulizie vibali kabla ya kuzungumzia chakula. Wafanyakazi wa mashirika nao wana masharti yao ya usalama barabarani, na mara nyingi ndiyo yanayoamua siku na saa ya kuondoka.

3. Tana ya Garissa inakwenda polepole, kwa hiyo haina madhara.

SI KWELI. Ni kweli kwamba mto ukishaacha milima unapita nchi tambarare na kujipinda kama nyoka. Lakini upole huo ndio unaowapendeza viboko na mamba. Kiboko huweza kuzama dakika kadhaa bila kuonekana, na mtumbwi unaopita kati yake na kina kirefu humfanya aone njia yake imezibwa. Mamba hujifunza mahali ambapo viumbe huja kila siku kunywa. Kwa hiyo usipandie chombo kwenye malka, zile njia za mifugo kushukia mtoni, hata kama kingo zake zimelala na zinavutia.

Kiangazi, kiitwacho Jilaal, hakipunguzi hatari. Wakati wa Jilaal maji hupungua, na viboko waliokuwa wametawanyika hujazana kwenye vidimbwi vichache vilivyobaki. Nafasi ya kuwakwepa huwa finyu zaidi.

4. Kama anga ya Garissa ni safi, mto hauwezi kufurika.

SI KWELI, na hili ndilo dai la kuogopwa kuliko yote. Garissa hupata mvua chache, takriban milimita 300 kwa mwaka. Maji ya Tana hayategemei mvua hiyo. Yanatoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Njiani yanapita mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mvua ikipiga Murang'a au Embu na mabwawa yakafurika, Garissa hupokea mafuriko chini ya jua kali.

Mwezi Aprili 2024 barabara kati ya Garissa na Madogo, ng'ambo ya mto, ilimezwa na maji, na watu wakaanza kuvushwa kwa boti. Tarehe 28 boti moja iliyojaa abiria ilipinduka eneo la Kona Punda. Zaidi ya watu 20 waliokolewa. Wengine walipoteza maisha. Abiria wale walikuwa wakisafiri kwa lazima. Anayekwenda kujifurahisha hana sababu yoyote ya kuingia katika maji ya namna hiyo.

Kwa hiyo msimu wa mvua wa Gu, kuanzia Machi hadi Mei, na ule wa Deyr, Oktoba hadi Desemba, sikiliza habari za nyanda za juu na matangazo ya kampuni ya umeme KenGen kuhusu Masinga. Utabiri wa Garissa pekee hautoshi.

5. Boti ya kujaza upepo inatosha, ni nyepesi na hukunjwa.

SI KWELI. Kando ya Tana mathenge umeshika ardhi. Mti huu wa kigeni uliletwa kupambana na jangwa, na miiba yake hutoboa gurudumu la gari, sembuse mpira wa boti. Utatoboka ukiwa bado unashushwa ukingoni.

Chombo cha hapa ni mtumbwi, na mwenye mtumbwi ndiye nahodha. Jamii za kando ya mto, Wamalakote na Wamunyoyaya upande wa Garissa na Madogo, Wapokomo huko chini zaidi, zimeishi na mto huu vizazi na vizazi. Nahodha wa hapo anajua kidimbwi chenye kiboko mwenye mtoto, mahali mkondo ulipohama, na wapi kutumia pondo badala ya kasia. Anachoweza kukosa ni majaketi ya uokoaji. Nendeni nayo, moja kwa kila kichwa, hata kwa anayejisifu kuogelea.

6. Msitu wa Tana husitawi bila kungoja mvua ya hapo.

KWELI. Mikuyu, migunga mikubwa na mikindu ya kando ya mto hunywa maji yanayopenya ardhini kutoka mtoni, na mafuriko huiletea mbolea ya matope. Ndiyo maana msitu ni utepe tu: tembea kidogo kutoka ukingoni na unajikuta kwenye vichaka vikavu.

Anayepanga matembezi azingatie hilo. Usitarajie saa nne za kivuli mfululizo. Kivuli kipo ukingoni, na ukingoni ndipo zilipo njia za viboko, vile vichochoro vilivyokanyagwa vikashuka hadi majini. Tembea ukizikata, usizifuate.

7. Kuona msitu halisi lazima uende Boni, au kwa mbega wekundu.

SI KWELI kwa safari ya siku moja. Boni ni msitu wa thamani kubwa na makao ya jamii ya Waaweer, lakini tangu Septemba 2015, ilipoanza Operesheni Linda Boni dhidi ya al-Shabaab, umekuwa uwanja wa operesheni za kijeshi. Si mahali pa kwenda kupunga upepo.

Mbega wekundu wa Tana na mangabe wa Tana nao hawapatikani popote pengine duniani, wala hawako Garissa mjini. Wanaishi katika vipande vya msitu vya Tana ya chini, kusini mwa Hola, ambako hifadhi yao ilitangazwa mwaka 1976. Kutoka Garissa ni zaidi ya kilomita 150. Ipangie safari yake, yenye kulala.

Palipo karibu ni Bour-Algy, hifadhi ya twiga inayosimamiwa na jamii, nje kidogo ya mji wa Garissa. Si msitu mnene, ni migunga na vichaka, lakini unatembea kwa miguu na mwenyeji huku twiga wakikuangalia kutoka juu ya miti.

8. Majini kwanza, alfajiri, msituni baadaye.

SI KWELI HAPA. Ushauri huu ni mzuri mahali pengine. Huko Minnesota, walikohamia Wasomali wengi waliopitia Dadaab, wapiga kasia huwahi kabla upepo haujaamsha mawimbi ziwani, na hofu yao kubwa ni maji baridi. Kwenye Tana saa hatari ni za giza na mapambazuko. Kiboko hula nchi kavu usiku kucha na hurejea mtoni kunapopambazuka. Ukikutana naye ukingoni saa hizo, umesimama kati yake na maji.

Geuza ratiba. Anza na matembezi mbali na mto, ukiwa na ubaridi wa asubuhi. Ingia majini jua likiwa limepanda, viboko wametulia na wanaonekana. Na usinyamaze kama mtazama ndege: gonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia kila unapokaribia kona, ili aliye chini ya maji ajue unakuja.

9. Siku moja inatosha.

KWELI, kwa aliyelala Garissa. Kwa aliyeondoka Ifo asubuhi hiyo hiyo, si kweli. Barabara itakula saa zake bora.

Ratiba inayowezekana ni hii. Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, Bour-Algy kwa miguu, hadi saa mbili u nusu. Saa tatu u nusu mtumbwini, mwendo mfupi, kutoka majini kabla ya saa tano. Kisha kivuli, chakula, swala ya adhuhuri na maji ya kunywa kwa wingi, kwani joto la Garissa hupita nyuzi 34 siku nyingi za mwaka. Saa tisa u nusu, matembezi mafupi chini ya miti ya ukingoni na mwenyeji. Saa kumi na moja kila mtu awe ameuacha mto. Huku karibu na ikweta machweo hayana huruma. Giza huingia upesi, na viboko hawachelewi.

Usiku wa kuamkia safari, mpigie nahodha simu umuulize mambo mawili: maji yamepanda au yameshuka tangu jana, na yanabeba matawi au hayabebi. Yakipanda, au yakibeba matawi, futa mtumbwi na ubaki na twiga. Nahodha akisema haendi, usimtafute mwingine atakayekubali.