"Uko mutoto wa nani?": Msako wa nasaba unaovuka mipaka Dzaleka

DOWA, Malawi. Mfanyabiashara wa vitenge anayeingia Malawi kwa mpaka wa Songwe hukisikia Kiswahili kikipungua njiani. Karonga bado kipo, Mzuzu ni cha kubahatisha, na Lilongwe soko lote ni Chichewa. Lakini akisogea kilomita zipatazo 40 kutoka mji mkuu hadi makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, kinarudi kwa lafudhi ya Fizi, Uvira na Bujumbura. Akitaka mali kwa mkopo, swali la kwanza halitahusu bei: "Uko mutoto wa nani?"

Huo si udaku. Mtu asiye na akaunti ya benki wala kiwanja cha kuweka rehani hupimwa kwa baba yake, ukoo wake na kijiji alichotoka. Na kwa aliyepotezana na ndugu vitani, jibu la swali hilo huweza kuwa mwanzo wa kuwapata.

Dzaleka ilikuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikageuzwa kambi ya wakimbizi, ikipangiwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda.

Kwenye televisheni, msako wa namna hii umekuwa burudani kubwa. Tamthilia ya Roots, iliyotokana na kitabu cha Alex Haley, iliwakalisha Wamarekani sebuleni Januari 1977. BBC ilianza kipindi cha Who Do You Think You Are? mwaka 2004. Mwaka 2006 Profesa Henry Louis Gates alimpima Oprah Winfrey, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa ametangaza kuwa yeye ni Mzulu. Majibu yakamwelekeza kwa Wakpelle wa Liberia, na pia kwa Wabamileke wa Kamerun na Wankoya wa Zambia, majirani wa Malawi.

Mvuto wake ni rahisi kuuelewa: mtu mwenye kila kitu anaoneshwa jina moja kwenye daftari kuukuu, anatokwa machozi. Tofauti ni kwamba nyota wa televisheni anamtafuta babu wa karne ya 19, ambaye hata akipatikana hatapiga simu. Dzaleka anatafutwa mama aliyeonekana mara ya mwisho 1996, na huenda yu hai.

Eneo la Maziwa Makuu lilikuwa na kipindi chake kabla ya hivyo vya kisasa. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kiunganisha familia. Hapakuwa na nyota wala muziki wa kuliza watu, ni majina tu yakisomwa redioni.

Kazi hiyo sasa hufanywa zaidi na Msalaba Mwekundu. Anayetafuta hutoa jina kamili la ndugu yake, majina ya baba na mama yake, na mahali na tarehe walipoonana mara ya mwisho. Asiyejua jina la bibi yake anaanza na pengo, na watoto waliozaliwa kambini wako wengi.

Likuni, pembezoni mwa Lilongwe, kuna aina nyingine ya kumbukumbu. Misheni hiyo ya Kikatoliki ilianzishwa na Mapadri Weupe mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu cha ubatizo cha parokia huandika mtoto, wazazi na msimamizi. Akija kufunga ndoa, huongezwa pembeni. Mapadri wa shirika hilohilo walikuwa Karema, Burundi na Kivu, kwa hiyo mkimbizi Mkatoliki anayekumbuka parokia ya wazazi wake ana pa kuanzia, ikiwa vitabu havikuungua.

Wenyeji nao wana safari yao. Wachewa husimulia kwamba mababu zao walitoka Uluba, Kongo ya leo. Kila Agosti, Wachewa wa Malawi, Msumbiji na Zambia hukutana Mkaika, Zambia, mbele ya mfalme wao Gawa Undi, kwa sherehe ya Kulamba. Ajabu ni kwamba mwaka 2023 Serikali ya Malawi ilipowaamuru wakimbizi warudi Dzaleka na maduka yao mijini yakafungwa, miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu wa Kongo hiyohiyo.

Vipimo vya vinasaba, vinavyopendeza kwenye televisheni, kwa mkimbizi vinaweza kuvunja nyumba. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango mmoja wa kuunganisha familia za wakimbizi, baada ya vipimo vilivyoanzia Nairobi kushindwa kuthibitisha undugu wa damu kwa waombaji wengi. Ulipofunguliwa tena 2012, vinasaba vikawa sharti kwa mzazi na mtoto. Udanganyifu ulikuwapo, hilo halina ubishi. Lakini yatima wa marehemu dada, aliyelelewa tangu akinyonya, kwa mila zetu ni mwana wa nyumba hiyo. Maabara haina safu ya kumwandika.

Wafanyabiashara huombwa kubeba picha na majina hadi Uvira au Kigoma. Ni wema, ila picha isirushwe ovyo mitandaoni: aliyekimbia huenda bado anasakwa na waliomkimbiza. Msalaba Mwekundu hautoi anwani ya aliyepatikana hadi yeye mwenyewe akubali, na wapo wanaopatikana wakakataa.