Je, udanganyifu ni hulka?

Mgonjwa mmoja aliniomba barua ya mapumziko ya siku tatu ilhali alikuwa mzima. "Daktari, kila mtu hufanya hivyo," akasema.

Je, mdanganyifu huzaliwa hivyo? Mnamo 1928, Hugh Hartshorne na Mark May wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima maelfu ya watoto. Waligundua kuwa aliyedanganya katika mtihani huenda asidanganye mchezoni. Mazingira yalichangia pakubwa.

Hata hivyo, hulka ina sehemu yake. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba watu wenye bidii na utaratibu, wanaotimiza wajibu bila kusukumwa, kwa kawaida hudanganya kwa nadra, shuleni na hata kazini. Ukimya au uchangamfu hausemi mengi. Basi usimshuku mtu kwa kuwa mkimya.

Mzazi, usimwite mwanao mwizi kwa kosa moja. Mzoeshe kujiandaa mapema, kwani aliyesoma hana haja ya mwakenya. Samaki mkunje angali mbichi.

Barua sikuiandika. Tulizungumzia kazi inayomchosha, na hapo ndipo tiba ilipoanzia.